Saa Iliyosogezwa Jumapili

Elihuruma hakuwa na kazi tangu Novemba. Sasa ilikuwa Aprili mosi ya mwaka 2009, na mama yake bado alimpigia pasi shati kila asubuhi akidhani mwanawe anakwenda ofisini. Hilo la pasi ndilo baya kuliko yote. Uchumi wa Ulaya ulipoyumba watalii waliadimika, na kampuni ya safari aliyokuwa karani wake ikampa barua na mkono wa kwaheri. Barua akaikunja akaisokomeza chini ya begi. Tangu hapo alishuka kila siku kutoka kijijini kwao Akheri, akapita mbele ya ofisi ile bila kugeuza shingo, akaenda Kaloleni, mjini Arusha, kwa Agnela.

Agnela, mwanamke wa Rombo asiye na maneno mengi, alikuwa na chumba cha intaneti chenye kompyuta sita. Elihuruma alimtengenezea zilipoharibika, naye akamwachia ile ya pembeni atumie apendavyo. Apendavyo yenyewe ilikuwa mchezo. Mtalii mmoja Mdenishi, Mads, aliyepanda naye Mlima Meru miaka miwili nyuma, alimwachia diski na kumwingiza kwenye kundi lake la watu kumi, Wadenishi na Wajerumani, wanaozunguka nchi ya kubuni wakiua majitu. Elihuruma alikuwa mganga wao. Intaneti ya kule kwa Agnela ilijikokota, kwa hiyo alijifunza kumponya mwenzake kabla hajapigwa, na wenzake walimsifu kwamba anaona mbele. Ofisini hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo.

Novemba hiyohiyo mchezo ulipata toleo jipya, lenye nchi ya barafu na ngazi kumi zaidi za kupanda. Akazipanda zote. Ungedhani mtu akifika juu anapumzika. Wapi! Juu ndiko kazi zilikoanza. Kila wiki kulikuwa na kazi saba: kusindikiza msafara, kusafisha mapango, kuua jitu hili na lile. Ukizimaliza zote kabla wiki ya mchezo haijafungwa Jumatano, sanduku lako linafunguka na kukupa mihuri miwili. Ukibakiza hata moja, sanduku halifunguki, unangoja Jumatano nyingine. Mihuri thelathini ilinunua joho la kuzuia baridi, na bila joho hilo mganga hakanyagi kwa Mfalme wa Barafu, jitu la mwisho kabisa.

Elihuruma alikuwa na mihuri ishirini na minane. Wenzake tisa walishapata majoho yao, wakamngoja wiki tatu nzima. Mads alimwandikia kwa upole kwamba Jumatano hii jioni wanaingia, naye au bila yeye, maana kuna mganga mwingine anayeomba nafasi. Alisoma maneno hayo mpaka akayajua kwa moyo. Kila kitu kingine kilikuwa kimemponyoka, ila nafasi ile ilikuwa yake bado.

Kazi sita alikuwa amemaliza kufikia Jumamosi. Jumapili alikwenda kanisani. Jumatatu dishi la setilaiti la Agnela likagoma, na Jumanne likagoma tena.

Jumatatu hiyo jioni mzee Efraimu, mwangalizi wa mfereji, alipita nyumbani kwao. Banio la juu, linaloingiza maji mferejini, lilikuwa limebomoka, zamu za maji zikabadilishwa. Zamu ikibadilishwa, mzee huyu hupita nyumba kwa nyumba. Haachi ujumbe kwa jirani. Husimama kwenye ua wa masale akiita mpaka mwenye shamba atoke mwenyewe na kusema amesikia. Hata mlevi huamshwa, hata yule aliyegombana na mzee juu ya mpaka.

"Tabitha!" aliita. "Zamu yako ni Jumatano saa nane mchana!"

"Nimesikia, mzee!"

Mama akamgeukia Elihuruma huku akishika goti lililovimba. "Baba, omba ruhusa kazini Jumatano, uje unifungulie maji. Mvua imechelewa na migomba inakufa. Goti hili halinipeleki mferejini."

"Nitaomba, Mama," alisema Elihuruma. Aombe kwa nani, Mungu ndiye anajua.

Basi Jumatano saa tatu asubuhi alikuwa kwa Agnela, shati limenyooka. Dishi lilikuwa limepona. Wiki ya mchezo hufuata saa za Ulaya, na kwa Arusha hufungwa saa tano. Kazi ya saba, kuua jitu la daraja, ingemchukua saa moja na nusu. Nafasi ilikuwepo ya kutosha, na saa nane angekuwa mferejini. Akaanza. Kufikia saa nne kasorobo alikuwa ameua walinzi wote, na jitu likabaki na nusu ya uhai. Halafu likabaki na robo.

Saa nne kamili kioo kikawa cheusi.

"Dada Agnela! Mtandao!"

"Mbona upo," Agnela alisema, akimwonyesha kompyuta ya mteja mwingine.

Mchezo uliporudi ulimkaribisha kwa wiki mpya. Kazi saba, zote hazijaguswa. Sanduku limefungwa. Mihuri ishirini na minane. Akabofya sanduku lile mara ishirini, sijui alidhani litamwonea huruma. Akamwandikia Mads kwamba mchezo una kosa, wiki imefungwa kabla ya wakati.

Mads alijibu baada ya dakika kumi. Hakuna kosa, aliandika. Jumapili tulisogeza saa mbele, kama kila mwaka. Kila mtu anajua. Pole sana, rafiki. Ni mchezo tu.

Elihuruma hakuwa amejua kwamba kuna nchi ambako watu huamka siku moja wakasogeza saa, na kwamba saa tano yake ya kufunga imekuwa saa nne. Arusha jua linachomoza mahali pake na saa inabaki ilipo. Aliomba. Aliandika kwamba ataingia bila joho, atasimama nyuma kabisa, atafanya lolote. Saa sita jina lake likatolewa kwenye orodha ya watu kumi, likawekwa jingine. Akalia palepale mbele ya wateja, mwanamume wa miaka thelathini na moja, na Agnela akainuka akavuta pazia.

Alifika Akheri saa nane na dakika kumi. Mama yake alikuwa amejikokota mwenyewe mpaka mferejini, ameketi ukingoni na jembe magotini, hana nguvu ya kuliinua. Elihuruma alilichukua, akavunja kizuizi cha udongo, maji yakaingia shambani. Tope likamrukia shati.

"Mbona uso huo, baba?"

"Wenzangu wameniacha, Mama."

"Wa ofisini?"

"Wa Ulaya. Tuko nao kwenye kompyuta. Walisogeza saa Jumapili, nikachelewa."

"Nani alipita kukuambia?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wanasema kila mtu anajua."

Mama alitikisa kichwa. "Basi hao si wenzako. Mwenzako anapita."

Neno hilo lilimmaliza. Akaketi kwenye majani mabichi, na lile alilolibana miezi mitano likamtoka bila kupangwa.

"Mama, kazi sina. Walinipunguza Novemba."

Tabitha hakupiga kelele. Alilitazama shati lile lenye tope, kola aliyoinyoosha alfajiri, mstari wa pasi kwenye mikono. Alihesabu kwa vidole, Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi, kisha akaushusha mkono.

"Na wewe, Elihuruma," alisema, "mbona hukupita kwangu?"