Nilitoka na mpira wa Mama Nora ndani ya kaya

Wakuu, hamjambo nyote. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Diani, na sitatia chumvi. Wallahi hata kuyaandika naona haya.

Mimi ni Mdigo, kazi yangu ni kuchezesha wageni michezo hotelini.

Mwanzoni mwa mwaka Waairishi, watu wa Ireland, wanaoishi huku pwani walifanya tamasha la siku tatu kuwakumbuka mashujaa wao. Siku ya kwanza muziki, ya pili mashairi, ya tatu michezo, kwenye uwanja wa hoteli yetu. Wana mchezo wao wa kupiga kijimpira kwa gongo. Walinifunza, nami nikawafunza vijana wetu, tukapata timu.

Siku ya tatu akaja Mama Nora, ajuza wa miaka themanini na kitu. Babake alikuwa nyota wa mchezo huo kwao. Alikuja na mpira wa fainali ya mwisho ya babake, wa ngozi, kaufunga kwenye kitambaa. Hana kingine cha babake.

Akanipa nifungue mechi. Akanisihi nipige mara moja tu, polepole.

Sasa mimi na sifa zangu! Kamera zote kwangu, nikauchapa kwa nguvu zote. Ukapita juu ya ua wa hoteli, ukazama kayani tunakopakana.

Kwa msioijua kaya: ni msitu wa wazee wetu, wamezikwa humo. Huingii bila ruhusa wala bila kujifunga kaniki, ile nguo nyeusi. Na hutoki na kitu, hata jani kavu. Nyinyi wa bara mtasema ushirikina, haya, semeni. Mimi nimelelewa hivyo.

Mama Nora kashika kitambaa kitupu. Meneja, mtu wa Nairobi, akanifokea nikimbie nikaulete.

Nikaruka ua na kaptura yangu. Nikauona kwenye mizizi, nikaunyakua, nikatoka mbio. Watu wakapiga makofi. Mama Nora akanikumbatia akilia.

Mwanasha wa jikoni, Mdigo mwenzangu, hakupiga makofi. Alinisogelea akaniuliza taratibu, "Umetoka na kitu kayani?"

Nikageuka kuutazama mpira mkononi mwa Mama Nora.

Asubuhi nikaenda kwa mjomba, ndugu wa mama, mmoja wa wanaoitunza kaya. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Habari zilishamfika.

Akasema mpira urudi pale ulipoangukia, kisha uombwe kwa wazee waliolala mle. Kama utatoka tena au hautatoka, si mimi wa kuamua. Na ndege ya Mama Nora ya kurudi kwao ilikuwa jioni ile ile.

Kumwambia bibi wa watu kwamba mpira aliorudishiwa jana huenda akaupoteza leo, jamani, simtakii mtu. Nilimweleza yote, hata kwamba nilipiga kwa sifa. Aliufunga mpira kwenye kitambaa chake. Kisha akaniambia nimtafutie kaniki, anakwenda nami.

Tukaingia watatu. Nikauweka pale pale. Mjomba akazungumza na wazee kwa Chidigo, kisha akaniuliza jina la baba wa mama huyu. Akalitaja pamoja na majina ya waliolala mle. Mama Nora alipolisikia, akalirudia taratibu.

Mjomba akamaliza maombi. Mwisho akainama, akauokota, akamtia Mama Nora mkononi.

"Mwambie achukue. Yeye ameomba."

Halafu akanigeukia.

"Wewe hukuomba, na ulikuwa unajua. Usikanyage hapa mpaka tukuite."

Mama Nora alikwenda zake na mpira wake. Mimi huu ni mwezi wa tano, sijaitwa. Juzi kulikuwa na sadaka ya mvua. Ukoo wote uliingia, mpaka watoto wa dada yangu. Mimi nilibaki nje nikiwalindia viatu.

Nilichojifunza ni kwamba wa kumlaumu si meneja. Yeye hakujua. Mimi nilijua, na bado nikaruka ua kwa sababu watu walikuwa wananiangalia.

Wakuu, kama kuna aliyewahi kufungiwa na wazee wake, hebu aniambie: ulingoja tu, au ulirudi kuomba?