Tangawizi ya Shangazi Ndani ya Chupa

Kule maabara walimwita Mama Chupa, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Kazi yake ilikuwa kuzalisha miche ndani ya chupa: anakata kijicho cha mmea, pale panapotoka chipukizi, anakisafisha, anakilaza juu ya chakula laini kama uji ulioganda, kisha anasubiri kichipue mbali na udongo na maradhi yake. Mdomo wake haukuwa na breki. Ndiyo maana wenzake walipenda kumwona amekaa mbele ya kabati la hewa safi. Pale ni marufuku kuzungumza, kwa kuwa pumzi ya mtu hubeba vijidudu. Akikaa pale, maabara nzima inapumzika.

Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa mtu wa mitishamba, na tegemeo lake lilikuwa tangawizi ya zamani, nyembamba, kali ya kutoa machozi, aliyoirithi kwa mama yake. Ugonjwa wa kuoza uliingia shambani ukaifyeka yote. Kilibaki kipande kimoja tu, ndani ya kopo jikoni.

"Nakipanda," alisema shangazi.

"Kwenye udongo uleule ulioua wenzake? Hapo unakizika, shangazi, hukipandi."

"Na wewe unataka kikaishi kwenye kioo kama samaki wa mapambo! Dawa isiyojua udongo ni dawa gani?"

"Nipe."

"Ukikikata ukakiua, usikanyage tena hapa nyumbani."

"Nitakikata, na nitakuja."

Akakichukua. Lakini alipofika kabatini, yeye aliyejivunia mkono wake akaingiwa na woga. Mimea ya watu wengine aliikata bila huruma. Hiki cha shangazi alikihurumia, akayakata macho yake ya kuchipulia yakiwa manene, yenye nyama nyingi, asije akapoteza hata kidogo, akayatia chupani. Huruma ile ndiyo iliyomponza. Vijidudu vya shambani vilikuwa vimejificha humo ndani, dawa ya kusafishia isivifikie. Wiki haikuisha, chupa zote zikafanya utando mweupe.

Utaratibu ulijulikana: chupa iliyochafuka inaingia kwenye mashine ya mvuke, inachemshwa, inamwagwa. Mkuu wa maabara hakuwa mtu mbaya, na hofu yake ilikuwa na msingi, maana uchafu ule ungeweza kusambaa chumba kizima. Alimkuta Mama Chupa yuko kabatini, kisu mkononi, akaona hiyo ndiyo nafasi ya kusema bila kujibiwa.

"Dada, hizo zinachemshwa leo. Sitaki mjadala."

Hakuupata. Mama Chupa alikuwa anawaka, maneno yamemjaa mpaka kooni, lakini kinywa hakukifungua. Alikipitisha kisu kwenye moto, akakipoza, akaanza kulivua jicho la tangawizi alilolitoa kwenye chupa chafu, ganda baada ya ganda, mpaka ikabaki ncha ndogo kama chembe ya chumvi. Huko mara nyingi uchafu huwa haujafika. Akaiweka kwenye chupa mpya, akashika jicho jingine. Mkuu akakohoa. Akaangalia saa. Macho mengine yalimharibikia mkononi, akayatupa bila kugeuza shingo.

Alipomaliza alizima ule moto, akasogea kando, akavua barakoa.

"Zile chafu kachemshe hata mara mbili. Hizi mpya ukizigusa, mimi na wewe hatutaelewana mpaka tustaafu."

"Zikichafuka?"

"Nitazichemsha mwenyewe. Lakini hazichafuki."

Hakuwa na uhakika huo hata kidogo. Alisema tu.

Ilichipua ncha moja. Moja, lakini safi, na kwa kazi hii ya chupa, moja inatosha: aliigawa, akaigawa tena, mpaka rafu ikajaa miche. Akaitoa chupani, akaifunika kwa nailoni izoee hewa ya nje taratibu, kisha akaipeleka kwa shangazi kwenye viroba vya udongo mpya. Shangazi aliipokea kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtaka. Hata hivyo, kuimwagilia hakuacha.

Msimu ulipotimia, shangazi alipasua kiroba kimoja mwenyewe. Akaifuta tangawizi kwenye gauni, akaivunja, akainusa, akatafuna. Machozi yakamtoka, akapiga chafya kwa nguvu.

"Ndiyo yenyewe," alisema, akijipangusa. "Lakini kunikatia kile kipande changu sijakusamehe."

"Sijaomba msamaha, shangazi."