Odeta wa Mabatini na mifano iliyopitwa na wakati

Kunapambazuka Mwanza. Ukungu umelala juu ya ziwa, na mawe makubwa yanaonekana kama yanaelea. Katika chumba chake cha ushonaji Mabatini, Odeta Kokulinda anafanya ishara ya msalaba, kisha anafungua kompyuta kabla ya kugusa cherehani.

Fundi nguo huyu mwenye miaka 47 anarekebisha mwongozo wa Kiswahili wa lugha moja ya kuandikia programu. Lugha yenyewe imebadilika, lakini mifano mingi ya mwongozo imebaki ya zamani. Odeta anaijaribu mmoja mmoja, anaiandika upya, anaituma kwa wasimamizi wa mwongozo huo. Halipwi, riziki yake inatoka kwenye sindano.

Shida hiyo aliikuta katika masomo ya jioni, Mkuyuni. Darasa zima lilinakili mfano wa sura ya tatu, kompyuta ikaukataa. Hakuna aliyeushuku mwongozo. Walilelewa kuamini kuwa kitabu hakikosei, basi kila mmoja akajilaumu kimoyomoyo. Odeta akasali novena, sala ya siku tisa.

"Nilimwomba Mungu anifungue akili," anasema akicheka. "Kumbe akili haikuwa na neno, ukurasa ndio uliozeeka."

Aligundua hivyo baada ya mwalimu wao, Mutayoba, kuujaribu mfano ule naye akakwama. Lakini Sabina, muuza dagaa aliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameshaacha masomo. Odeta alimfuata sokoni kumweleza. Sabina alimjibu kwamba anabembelezwa tu. Kichwa chake ni cha dagaa, na kama kitabu kina kosa, mbona kitabu chenyewe hakisemi?

Ndipo Odeta alipoandika sahihisho lake la kwanza. Wasimamizi waliuliza maswali, hatimaye wakalikubali. Siku hiyo hiyo aliibeba kompyuta hadi kwenye meza ya Sabina.

Sabina alifuta mikono kwenye kanga, akaandika mwenyewe, herufi kwa herufi. Kompyuta ikaitika. Akamgeukia Odeta.

"Dada Odeta, muda wote huu nimejiita mjinga bure?"

"Tulijiita wote, mdogo wangu."

Sabina amerudi darasani. Odeta sasa yuko sura ya nne, na anaomba uzima aumalize mwongozo wote.

"Naota kuna mtu yuko peke yake kule Ukerewe," anasema, macho yakiwa dirishani. "Hana mwalimu, hana wa kumuuliza. Anaandika mfano, unakubali, anafungua ukurasa unaofuata."