Mbegu Nyingi za Kaka Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, anatotolesha vifaranga. Chumba cha nyuma cha nyumba yetu kina mashine yake yenye joto la kudumu, trei za mayai na tochi aliyoizungushia karatasi nyeusi mdomoni ili mwanga usitawanyike. Wafugaji humletea mayai, naye baada ya siku kadhaa huzima taa na kuyamulika moja moja. Lenye mishipa hurudi kwenye mashine. Lisilo na kitu hutengwa, na mwenyewe huambiwa waziwazi: "Kuku wako hawana kosa. Badilisha jogoo."

Mama yangu amesikia maneno hayo kupitia ukutani miaka nenda rudi, na hayakumwingia akilini hata siku moja. Kwake, mtoto asipopatikana, mwenye tumbo ndiye mwenye kosa, basi. Nikikumbuka napandwa na hasira mpaka leo.

Wifi alihangaika. Alisukumiwa dawa ya rangi kwenye mirija ya uzazi, akajikunja kwa maumivu. Alimeza vidonge vilivyomvimbisha uso. Alipasuliwa, akashonwa, akarudi kwenye mashine yake kidonda kikiwa bado kibichi, maana vifaranga havingoji mtu apone. Kaka, yeye ni mwalimu wa udereva, alipimwa mara moja tu. Mbegu zikahesabiwa, zikaonekana nyingi. Loo! Alirudi kifua mbele utadhani kachaguliwa mbunge. "Mimi niko fiti," alitangaza mezani, mkewe akiwa papo hapo anapakua chakula. Tangu siku hiyo mgonjwa wa nyumba yetu akawa mmoja.

Baadaye daktari mmoja aliyekuwa akitafiti wanaume wa aina yake, wenye mbegu nyingi lakini wasiopata watoto, alimwomba sampuli nyingine. Safari hii hawakuishia kuhesabu. Walitazama mikroRNA, vipande vidogo mno vilivyomo kwenye manii, ambavyo kazi yake ni kuinyamazisha jeni hii na kuiachia ile. Mpangilio wake unaweza kudokeza kama mbegu ni nzima au ni wingi mtupu. Kaka hakutuambia lolote. Mimi niliyajua haya asubuhi ile wifi alipokuwa kitandani hospitalini, amevaa gauni la upasuaji lililo wazi mgongoni, sindano ya dripu mkononi, akisubiri kupasuliwa mara ya pili.

Daktari wa utafiti alikuwa akipita wodini. Akamwona kaka amesimama na mama kando ya kitanda.

"Hukurudi," alimwambia. "Nikajua mmeahirisha upasuaji. Mkeo anajua?"

Kaka akatazama feni ya darini.

"Najua nini?" wifi aliuliza.

"Mweleze," daktari alisema, "au uniruhusu mimi."

Kaka alitikisa kichwa kukubali.

"Vipimo vyake vinafanana na vya wanaume wenye mbegu nyingi lakini dhaifu," daktari alisema. "Kipimo hiki bado tunakichunguza, si hukumu. Ndiyo maana nilitaka apimwe zaidi, yeye kwanza, kabla wewe hujaguswa tena."

"Ulimwambia lini?"

"Kabla ya mvua kuanza."

Mvua zilikuwa zimekwisha zamani. Dirishani kulikuwa kunaingia vumbi.

Mama akadakia: "Si umemsikia? Kipimo chenyewe hata wao hawana uhakika nacho!"

"Na kisu, mama, walikuwa na uhakika nacho?" wifi alimuuliza.

"Mke wangu," kaka alisema, "niliona aibu."

Aibu! Nilitamani kumnasa kibao pale pale, mkubwa wangu au si mkubwa wangu. Mtu mzima alikuwa tayari kumwona mwenzake anachanwa, ili tu yeye aendelee kutamba mezani.

Wifi aliteremsha miguu sakafuni, akashika gauni lisimfunguke nyuma. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo leo walikuwa wanakwenda kupasua aibu yako," alisema, "kwenye tumbo langu."

Mama akanigeukia mimi. "Sema na wifi yako! Wewe ni damu yetu."

Nilimwita muuguzi aje atoe sindano. Kisha nikavuta pazia, nikamshikia wifi nguo zake avae.