Kwa nini picha ya juu kwa blog yangu imepinda: siku niliyompeleka Dani kwao Lambwe

Wakuu, salamu kutoka Rangwe. Leo ukungu umekaa mpaka mlangoni na sina kazi, kwa hivyo niwalipe deni la maelezo.

Juzi niliweka link ya blog yangu hapa. Badala ya kuangalia picha mkaanza kunicheka. Eti mpiga picha gani anaweka juu kabisa picha iliyopinda, nusu nyasi, nusu mawingu, na katikati msee hana kichwa? Mmoja akasema nirudishe kamera dukani. Nilicheka pia, sitadanganya.

Lakini ile picha sikupiga mimi. Leo nawaambia nani alipiga, na siongezi chumvi hata kidogo.

Kwanza mnijue. Mimi katikati ya wiki napiga harusi, matanga na pasipoti za watoto wa shule. Hiyo ndio inanilisha. Nikipata siku yangu napotea.

Naenda Macalder asubuhi, wakati wachimba dhahabu wanasuuza udongo kwa karai na mikono yao inang'aa kabla haijakauka. Naenda Lambwe kabla jua halijapanda. Pale ukungu unalala chini bondeni, unasikia kengele za ng'ombe na ng'ombe wenyewe huwaoni. Nikisimama pale nasahau hata jina langu.

Wengine mmeuliza kwa nini chini ya kila picha naandika maelezo marefu, kama mtu anamwelekeza kipofu.

Mmepatia. Nilikuwa namwelekeza Dani.

Dani ni nyanya yangu, mama ya baba. Yeye ndiye alinilea. Ako na presha ya macho, na daktari alituambia wazi kwamba kilichoenda hakirudi, dawa ya matone inachelewesha tu. Wakati huo alikuwa amebaki na katundu kadogo ka kuonea katikati, na kila mwezi kalikuwa kanapungua.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nakaa naye na tablet. Anaisogeza pole pole, anaona kipande, mimi namwambia kilicho pembeni. Maelezo yangu yote yalianzia hapo, kwa kiti cha Dani.

Jumapili moja nikamfungulia Lambwe. Akaacha kusogeza.

"Huko ndio kwetu," akasema. (Tunaongeanga Dholuo, nawawekea Kiswahili.)

Nilijua alizaliwa huko. Sikujua zaidi. Akanieleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, wakati mbung'o walikuwa wanamaliza watu na ng'ombe. Baba yao akawahamisha, wakaja Rangwe. Boma likabaki gunda.

Kwa wale si wa huku, gunda ni mahali boma lilikuwa. Nyumba zinaanguka, lakini ua wa miti unabaki, makaburi yanabaki, na mtu mwenye akili hachezei hapo.

"Nataka nione kwa mama kabla hili tundu halijafunga," akasema.

Na mimi mjuaji nikajibu haraka, "Dani, usijali. Nitakuletea picha."

Nikaenda. Alikuwa ameniambia kuhusu mlima na kijito, na ua wa ojuok, ile miti ya maziwa meupe. Nikapata. Mama mmoja alikuwa analima maharagwe kando, na jembe lake lilikuwa limeishia kwa ua.

"Hapo ndani hatulimi," akaniambia. "Kuna wenyewe."

Jua lilikuwa linatoka upande wa lango. Nikazunguka, nikapenya pengo la nyuma ili mwanga unijie kupitia miti. Wueh! Ukungu, umande, miale imesimama kwa nyasi. Sijawahi kupiga picha nzuri hivyo. Lango lenyewe nililikata. Lilikuwa visiki viwili tu, na mtu alikuwa ametundika gunia limeraruka.

Jumapili nikampa tablet. Akasogeza kushoto. Akasogeza kulia. Akarudi. Muda mrefu.

"Lango liko wapi?"

"Nimelitoa, Dani. Lilikuwa na gunia chafu."

"Na wewe uliingilia wapi?"

"Nyuma. Mwanga ulikuwa mzuri."

Akaweka tablet chini. "Nyakwara, umeingia kwa mama yangu kwa nyuma kama mwizi wa kuku?" (Nyakwara ni mjukuu wangu.)

Auntie Akoth, binti yake anayeishi naye, alicheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka pia. Halafu nikaona Dani hacheki.

Wakuu, mimi ni Mjaluo na nilisahau kitu mtoto anajua. Boma letu linasomwa kutoka langoni. Ukisimama langoni, nyumba ya mke wa kwanza inakutazama moja kwa moja, na mama yake Dani alikuwa wa kwanza. Mwanamke anazikwa upande wa kushoto wa nyumba yake. Bila lango, zile nyasi zangu tamu zilikuwa nyasi tu.

"Picha ni nzuri," Dani akasema taratibu. "Lakini mimi sijui nimesimama wapi."

Nimesifiwa, nimetukanwa mtandaoni, sijawahi kuambiwa neno likaniingia hivyo.

Nikamwambia narudi kupiga upya. Akakataa. "Nipeleke."

Auntie akaruka. "Mama haoni hata kikombe! Ataona nini porini? Unataka aanguke huko tumbebe?"

"Akoth," Dani akasema, "macho ni yangu."

Jumamosi iliyofuata nikaomba probox ya rafiki. Auntie alikuja pia, amenuna kwa kiti cha nyuma na thermos ya chai magotini.

Gari lilifika karibu kabisa na pengo la nyuma. Dani akauliza hapo ni wapi, nikamwambia. Akakataa kushuka mpaka nimsogeze mbele, na mbele gari halikufika, kwa hivyo tulizunguka ua kwa miguu. Umande ulitulowesha mpaka magoti. Auntie alikuwa anasonya kila hatua.

Langoni Dani akapapasa kisiki. Akapapasa na lile gunia.

"Oyaore, Mama," akasalimia.

Kisha akangoja, vile unangoja ukipiga hodi kwa watu. Ukungu ulikuwa chini, kengele zinalia mahali, na aki, hata mimi nilingoja kujibiwa.

Akaniachilia mkono. Akaenda moja kwa moja, pole pole, mpaka ardhi ikainuka kidogo. "Mlango." Akageuka kushoto, akainama, mikono ikatafuta kwa nyasi. Kulikuwa na mawe. Mimi ile siku nilikuwa nimeweka tripod katikati ya mawe hayo.

"Sioni," akasema. "Ni mweupe tu. Nyakwara, sioni."

Nilisikia vibaya, wakuu. Nimechelewa. Ningemleta ile Jumapili ya kwanza badala ya kukimbilia picha, pengine angeona. Nikaanza kazi yangu ya kila siku. "Dani, kuna mawe ya kijivu, nyasi ni ndefu..."

"Nyamaza. Leo nitakuambia mimi."

Akaniambia. Hapa ghala. Pale mtama unaanikwa. Hapa mama anakaa jioni amenyoosha miguu, na akicheka anasikika mpaka kijitoni. Anaitwa Akoth.

Auntie aliketi kwa nyasi zenye maji na nguo yake nzuri. Maisha yake yote amebeba jina la nyanya yake, na hakuna mtu alikuwa amemwambia kwamba yule mama alikuwa anacheka.

Baadaye Dani akasema nimpe kamera. "Wewe simama mlangoni kwa mama." Nikasimama. Akaielekeza kwa sauti yangu, akabonyeza.

"Nimepata?"

Nikaangalia. Imepinda. Nyasi, mawingu, mimi bila kichwa. Nimefuta maelfu nzuri kuliko hiyo. Lakini nyuma yangu, mbali, kulikuwa na visiki viwili na gunia.

"Umepata, Dani. Mpaka lango liko."

"Basi andika: hapa ndio kwa mama."

Hayo ndio maneno mnayoyaona chini yake. Ni picha pekee kwa blog yenye maelezo mafupi.

Siku hizi tundu limefunga kabisa. Dani yuko, anakunywa chai, anatusumbua vizuri. Jumapili anataka tuanze na ile picha. Namwekea tablet magotini, na yeye ndiye ananiambia iko na nini.

Funzo langu ni dogo. Kabla sijatafuta mwanga, nauliza kwanza wenyewe wanaingilia wapi.

Sasa nichekeni tena, ni sawa. Lakini kama kwenu kuna mahali palibaki nyasi, nielezeeni hapa chini, mkianzia langoni. Jumapili nitamsomea Dani.