Mafuta ya Kivumbasi

Jana jirani yangu alichoma kivumbasi kufukuza mbu, na harufu ile kali ikanirudisha sokoni Msambweni, siku zile ambazo bendera mpya ya uhuru pale kwa chifu ilikuwa bado haijapauka.

Mama alikuwa akichemsha majani ya kivumbasi ndani ya mafuta ya nazi na kuyauza kwa chupa. Jioni, mbu walipoanza kutoka kwenye mikoko, alitukalisha jamvini mimi na dada yangu, mtoto wa marehemu mamangu mdogo, ambaye tulikuwa tukimlea. Mimi nilipakwa mafuta kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu. Dada hakupakwa, ili wanunuzi wajionee tofauti.

"Usijikune," Mama alimwambia. "Waache wakuume, watu waone."

Siku moja Mama alipogeuka kujaza chupa, dada aliniegemea akaninong'oneza, "Nipake kidogo tu, hapa mguuni."

Nikapaza sauti: "Mama! Huyu anataka mafuta!"

Wanunuzi wakacheka. Mama akampandisha rinda hadi magotini, akawaonyesha miguu iliyojaa vipele na vidonda.

"Mwaona? Hata yeye mwenyewe ayataka!"

Wakanunua chupa zote.

Dada hakulia. Tulipoanza kurudi nyumbani alinyoosha mkono anishike, kama ilivyokuwa desturi yetu. Niliuvuta wangu, nikihofia atanimalizia mafuta niliyopakwa.