Mguu Mmoja Juu, Macho kwenye Msumari

Nakumbuka Jumamosi moja pale Kitale, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo mbele ya watu kumi na wawili. Mimi! Niliyerudi kutoka ng'ambo na diploma ya kilimo, niliyoisomea huku nikiosha vyombo hotelini, bila mjomba wala harambee.

Lakini ukubwa wa jina si ukubwa wa moyo. Jumatatu yake nilitakiwa Bokoli, kule Bungoma, nisimame mbele ya kikundi cha wakulima, waamue kama nitakuwa mwalimu wao. Mara mbili nilikuwa nimejaribu kwingine, na mara mbili sauti ilinikatika nilipomwona mshindani yule yule mwenye digrii ameketi mbele. Ndipo dada yangu akanipeleka kwa Mama Chebet, nesi mstaafu wa Cheptais, aliyefundisha yoga katika ukumbi mmoja mjini. "Kajifunze kupumua," dada aliniambia. "Diploma haitakupumulia."

Basi tukaambiwa tusimame kama mti: wayo wa mguu mmoja ukae kwenye paja la mwingine, mikono juu. Kando yangu alikuwa Naliaka, muuza mboga wa Misikhu, ametulia tuli kama nguzo ya stima. Nikamtazama. Nikayumba. Nikamtazama tena, nikisema moyoni, ati huyu anishinde mimi? Nikamwangukia puu, tukalala sakafuni wote wawili.

"Bana, si ungeomba tu nikubebe!" Naliaka akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mama Chebet hakucheka. "Wewe mwalimu wa kilimo," akaniita, "ukipanda mahindi bila kamba, macho yako kwenye mstari wa jirani, wako unakwenda wapi?"

"Unapinda, Mama."

"Na jirani naye akiwa amepinda?"

"Napinda zaidi."

"Haya basi. Unaona msumari ule ukutani? Hiyo ndiyo kamba yako. Naliaka mwachie shamba lake."

Niliona aibu, maana somo hilo la kamba nililijua kuliko jina langu! Mganga hajigangi. Nikakaza macho kwenye msumari, nikavuta pumzi. Moja, mbili, tatu... nikafika kumi! Nikapiga kelele kama mtu aliyefunga bao, nikaanguka tena, ila safari hii nikicheka mwenyewe.

Jumatatu, Bokoli, yule wa digrii alikuwepo, tai nyekundu shingoni. Sikumtazama mara ya pili. Nikatafuta msumari kwenye nguzo ya nyuma, nikaupata, nikavuta pumzi, nikaanza. Mwanangu, nilisema mpaka wazee wakasimama kupiga makofi! Wakanichukua siku hiyo hiyo. Leo ukipita Bungoma ukaona mahindi yamenyooka kama askari wa gwaride, uliza ni nani aliyewafundisha wakulima wake. Sijisifu, nasema tu lililopo.

Sasa wewe unayejipima kwa wenzako hadi usingizi unakuruka, sikiliza. Kila asubuhi simama kwa mguu mmoja, chagua msumari wako, upumue. Ukianguka, cheka kwanza, kisha inuka. Leo yako ipime kwa jana yako, si kwa leo ya mwingine. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Mguu wako usiteleze, pumzi yako isikatike, na Mungu aunyooshe mstari wako mpaka mavuno.